Mwalimu na Makosa ya Chebet

Mdomo wa Mwalimu na mkono wake havikuwahi kupatana. Mkono uliandika Kiswahili kilichonyooka, kila herufi mahali pake, kila nukta imekaa. Mdomo ulisema Kiswahili cha mtu ambaye nyumbani kwake Kipsigis ndicho kilichoamka cha kwanza na kulala cha mwisho. B ikawa P, D ikawa T, G ikawa K. Siku ya imla darasa zima tulitetemeka. Alisimama mbele yetu, pale shule ya msingi karibu na Kaplong, mikono nyuma, akasoma polepole kama mtu anayehesabu mayai:

"Papa alipata pata."

Darasa likaandika hivyo hivyo, Papa alipata pata. Mimi nikaandika Baba alipata bata, kwa sababu sikumjua mtu yeyote Kaplong aliyeitwa Papa, na hiyo pata ya mwisho ilikuwa lazima iwe kitu chenye manyoya. Mwalimu akazunguka. Alipofika kwenye dawati langu alisimama, akatazama daftari langu kitambo, akaweka alama ya vema, akageuka. Halafu akaona la Chebet, niliyekaa naye dawati moja. Chebet alikuwa ameandika Baba alibada bada. Mwalimu akachuchumaa pale pale sakafuni, goti moja likilia, akatoa kalamu nyekundu, akamweleza mpaka kengele ikalia. Alimchorea bata. Alimchorea hata maji ya bata.

Mimi sikuchorewa kitu.

Wengine wakimkumbuka Mwalimu wanakumbuka kiboko chake, au koti lake la kijivu, au jinsi alivyopiga chafya mara moja tu na madirisha yakatikisika. Mimi namkumbuka kama mtu niliyetaka anisemeshe. Tangu darasa la sita mpaka nikawa mtu mzima mwenye kazi yangu, nilimwonea Chebet wivu kwa ajili yake, na siwezi kumweleza Mwalimu nikiuacha wivu huo nje.

Tulipomcheka kwa ajili ya matamshi yake, hakukasirika. Alisema, "Mdomo wangu ulibaki nyumbani. Mkono ndio ulienda shule." Kisha akaendelea na somo.

Kalamu yake nyekundu haikukaa mfukoni. Ilikaa ndani ya soksi ya mguu wa kulia. Mfuko wa koti ulikuwa umetoboka na mke wake alikataa kuushona, na sababu tuliijua sote. Mama huyo alikuwa akiandika matangazo ya kina mama kanisani, na Jumapili moja Mwalimu aliyachukua makaratasi yale mlangoni, akayasahihisha, akamrudishia mbele ya watu na maksi juu. Mama akamwambia, "Siku utakayoacha kunipa maksi, nitashona." Mfuko haukushonwa. Kila alipotaka kusahihisha kitu alilazimika kuinama, na sisi wanafunzi tulijua kwamba Mwalimu akiinama, kuna mtu ameharibu.

Hakuinama kwa watoto peke yake. Mwenye bucha pale Kaplong aliandika ubao: TUNAUSA NYAMA YA NGOMBE. Mwalimu alipita siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya pili akaja na mkebe wa rangi na brashi.

"Naomba ruhusa," akamwambia mwenye bucha. "Hapa weka Z. Na hapa juu ya hii N na G weka alama ndogo. Bila hiyo, ng'ombe wako hana pua."

"Mwalimu, watu wanakula nyama. Hawali hiyo alama."

"Watoto wangu wanapita hapa wakienda nyumbani. Wanakula kila kitu kilichoandikwa."

Akapanda kigoda cha mbao, akapaka. Alama ile ilikuwa kubwa kuliko herufi zenyewe, na ilibaki juu ya ule ubao hata baada ya bucha kuwa duka la mbolea.

Lakini mtu huyo huyo, akimwachia mke wake ujumbe mezani kwa Kipsigis, aliandika ovyo kabisa. Nilimkuta siku moja nikiwa nimepeleka madaftari nyumbani kwake. Neno moja lilikuwa limeandikwa namna mbili kwenye karatasi moja. Nilimwonyesha, nikidhani nimemkamata. Akaniangalia bila aibu. "Kipsigis hakina mtihani," akasema. "Hapo mimi niko likizo."

Mimi ni mtoto wa kambi. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma majani chai, na kwenye nyumba za wafanyakazi kila mlango ulikuwa na lugha yake, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa ndicho kitu pekee tulichochangia kama bomba la maji. Nilikiokota kwa kila mtu. Insha zangu zilirudi safi. Chini ya ukurasa paliandikwa neno moja, Vyema, na sahihi. Insha za Chebet zilirudi nyekundu kama zimemwagiwa damu, na pembeni, kwa mwandiko mdogo, Mwalimu alimwandikia mambo mengi. Nilizisoma zote alipotoka kwenda kucheza. "Ulimaanisha mto au mtu? Kama ni mtu, hadithi ni nzuri zaidi." "Hapa nimecheka, ingawa umekosea." Nilikuwa nikimeza mate.

Chebet hakujali. Alikuwa na miguu. Kila mbio alizokimbia alishinda, na baada ya sekondari miguu hiyo ilimpatia nafasi ya kusoma chuo Amerika. Mimi nilisomea uchapaji, nikapata kazi Kericho mjini, kwenye ofisi ndogo ya kuchapa barua na kutoa nakala. Mwishoni mwa miaka ya tisini, tajiri wangu alileta kompyuta nyingine, akaiunganisha na waya wa simu, akabandika dirishani tangazo kwamba sasa tunapokea na kutuma barua pepe. Ofisi nzima ilikuwa na anwani moja. Barua ikiingia, jina la mwenyewe linaandikwa juu, mimi naichapa kwenye karatasi na kuiweka kwenye sinia mpaka aje.

Kwa hiyo nilisoma za watu wote. Niliona jambo lililonishangaza. Watu niliowafahamu, watu walioniletea barua za mkono zenye "Kwa mzazi wangu mpendwa, salamu nyingi baada ya salamu," wakikaa mbele ya ile mashine walisahau kila kitu. Waliandika bila herufi kubwa, bila nukta. Waliacha irabu nje kama viatu mlangoni. Karani mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza alimwandikia baba yake: "mzee nko pw hpa kazin." Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Si ni kompyuta? Inaenda haraka."

Mwalimu, aliyekuwa amestaafu, aliingia ofisini kwetu kwa mara ya kwanza akitoka kwenye lori la maziwa. Dereva wake alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na Mwalimu alipanda naye mbele kila alipotaka kuja mjini. Nilidhani amekuja kuniona.

"Kemunto. Chamgei," akanisalimia kwa Kipsigis. "Nimeambiwa hapa kuna parua yangu imetoka Amerika."

Nilimpa. Alivaa miwani, akaisoma amesimama. Naikumbuka yote.

"mwl habr yko. mm nko pw. huku kuna barid sna ata maji inakuwa jiwe. cjui ntazoea lini. msalimie mama. 2taonana. Chebet"

Aliisoma hadi mwisho, akarudi juu.

"Huko kuna chui?"

"Hapana, Mwalimu. Hiyo ni 'sijui'. Ile C inasomwa kwa Kiingereza."

"Na hii mbili?"

"Ni 'tu'. Tutaonana. Mbili kwa Kiingereza inasikika hivyo."

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa hivyo huyu mtoto ameandika Kiswahili kwa hesabu, na hesabu kwa Kiingereza?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wote wanaandika hivyo siku hizi."

"Haraka ya nini? Kama parua inafika upesi hivyo, si ndio mtu apate nafasi ya kuiandika polepole?"

Kisha akainama. Wateja waliokuwa kwenye benchi walishtuka kumwona mzee akitoa kalamu kwenye soksi. Akaisahihisha pale kwenye kaunta, mstari kwa mstari, akajaza pembeni. Halafu akavuta kiti, akaniambia niandike jibu, yeye aseme. Nikaandika. Maneno yalipita kwenye vidole vyangu mimi: "Chebet, maji yanakuwa jiwe, si inakuwa. Hata, si ata. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema hivyo juu ya barafu. Ni sentensi nzuri sana. Nieleze zaidi juu ya hayo maji. Unaweza kuyakanyaga?"

Niliandika "sentensi nzuri sana" na meno yamebana.

Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Chebet anaandika ovyo, Mwalimu anashuka kwenye lori, anacheka, anakasirika, anainama, anasema, mimi naandika. Sikukosea herufi hata moja katika barua zake. Nilihakikisha ukingo wa kushoto na wa kulia. Nilimpa nakala isiyo na doa, akaikunja bila kuitazama, akauliza, "Sasa itafika lini?" Siku moja nilimwambia, kama mzaha, "Mwalimu, mimi nikikuandikia utanijibu?" Akacheka. "Wewe uko hapa. Niandikie ya nini?" Akamwuliza dereva kama maziwa yameshuka.

Halafu ikaja barua ya Kiingereza. Ilikuwa ndefu, safi, aya zake zimepangwa. Chebet alieleza kwamba kompyuta za chuo chake zina akili, ukikosea neno la Kiingereza zinakupigia mstari mwekundu chini yake papo hapo. Aliandika kwamba kila akiuona mstari huo anamkumbuka Mwalimu, na kwamba sasa ataandika kwa Kiingereza ili asimsumbue tena na makosa.

Mwalimu aliisoma polepole. Mkono wake ulishuka mpaka kwenye soksi, ukakaa huko, ukarudi mtupu.

"Kwa hivyo wamenipatia mwenzangu," akasema.

"Lakini ameandika vizuri, Mwalimu."

"Vizuri sana." Akaiangalia tena, nyuma na mbele. "Hii ingeweza kuandikwa na mtu yeyote."

Hakutoa jibu siku hiyo. Nilifurahi, sisemi uongo. Niliosha vikombe vya chai nikiimba. Nilidhani sasa atakuja akae kwenye kile kiti, na kwa kuwa hakuna makosa ya mtu, tutaongea. Lakini lori la maziwa likaja bila yeye, na likaja tena bila yeye. Dereva akaniambia Mwalimu anasema hana kitu mjini. Barua nyingine mbili za Kiingereza zikalala kwenye sinia zikipauka. Kile kiti nikakiwekea karatasi za nakala. Ndipo nilipojua kwamba bila makosa ya Chebet, mimi pia nilikuwa sina Mwalimu.

Miezi ilipita. Asubuhi moja nilifungua mashine nikakuta hii:

"mwl nmeambiwa na mjomba kogo amefrik. cwez kuja. nmejarb kuandka na kizungu imekataa. kogo alikua ananibeba mgongoni nikiwa mkubwa ata watu wanacheka. mwl nenda unisimamie. waambie nko apa nalia kwa maktaba watu wananiangalia. Chebet"

Kogo alikuwa nyanya yake wa Silibwet, aliyemlea kabla hajaletwa Kaplong kwa mjomba wake. Nilimwomba tajiri ruhusa. Kabla sijatoka niliichapa upya, kwa Kiswahili sanifu, nukta na koma zote, kwa sababu niliona ni heshima kwa marehemu. Nikabeba zote mbili. Nikapanda lori la maziwa mpaka Kaplong.

Nilimkuta Mwalimu ameketi nje, kando ya ghala la mahindi, uso ameuelekeza kwenye jua. Nilimsalimia kwa mbali hakunitambua. Nilipokaribia niliona weupe uliokuwa umeingia ndani ya macho yake. Mke wake aliniletea kikombe cha mursik, yale maziwa ya kibuyu, akasema kwa sauti ya chini, "Haoni tena maandishi. Amekataa watu waambiwe."

"Mwalimu, ni Kemunto. Nimeleta barua ya Chebet. Ni habari ya msiba."

"Soma."

Nikatoa ile niliyoichapa upya, nikasoma. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Hiyo ni nzuri," akasema. "Hiyo ni yako. Sasa nisomee ya Chebet."

Nikaitoa ya pili. Nikasoma na Kizungu imekataa. Nikasoma ata watu wanacheka. Nikasoma nalia kwa maktaba. Mkono wake haukwenda kwenye soksi. Alifunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika, na mke wake akaja akasimama nyuma yake.

Siku ya mazishi tulipanda pamoja mbele kwenye lori, yeye katikati, mimi dirishani. Sikuweza kukaa na jambo lile tena. Nilimwuliza huku nikitazama chai iliyokuwa ikipita nje, kijani bila mwisho.

"Mwalimu, kwa nini hukuwahi kuniandikia kitu? Miaka yote. Neno moja tu, Vyema."

Dereva akaongeza umakini barabarani.

"Kitabu chako nilikuwa nakiweka chini ya vingine vyote," Mwalimu akasema baadaye. "Nakifungua nyumbani, mbele ya taa, na kamusi kando. Natafuta kosa. Wakati mwingine nakuta neno silijui kabisa, natafuta, nalipata, ni sawa. Mtoto wa kambi! Mimi Kiswahili nilipigiwa fimbo mpaka kikaingia, wewe ulikiokota ukienda kuteka maji. Ningekuandikia nini, Kemunto? Nilikuwa nakuonea wivu."

"Na Chebet?" nikauliza.

"Chebet alikuwa ananihitaji."

Ningepaswa kufurahi. Nilichohisi kwanza ni kumwonea Chebet wivu upya, kwa kule kuhitaji kwake, jambo ambalo mimi sikuwahi kujifunza.

Silibwet watu walikuwa wengi. Jina la Chebet lilipoitwa, Mwalimu akasimama akanishika kiwiko. Akawaambia kwa Kipsigis, lugha niliyokuwa nimeshaielewa kwa kukulia huko, kwamba mjukuu yuko mbali, ameomba asimamiwe, na maneno yake yatasomwa. Akaninong'oneza, "Kama alivyoandika. Usimrekebishe." Nikasoma. Irabu zilizokosekana hazikusikika kwamba zimekosekana. Nilipofika pale kogo alipombeba mgongoni akiwa mkubwa, mwanamke mmoja akapiga ukelele, na wengine wakainamisha vichwa, na nikahisi sauti yangu ikinivunjikia kwa maneno ambayo hayakuwa yangu na ambayo nisingeweza kuyaandika.

Baadaye kikongwe mmoja alinijia akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye Chebet?" akaniuliza kwa Kipsigis.

Kabla sijajibu, Mwalimu akajibu kwa lugha ile ile, ile ambayo ndani yake alikuwa likizo, kwa sauti ambayo walio karibu waliisikia. "Huyu si Chebet. Huyu ni Kemunto. Nilimfundisha, na alinishinda."

Kikongwe akanitazama upya, akanitemea mate kidogo kifuani kunibariki.

Tuliporudi, Mwalimu alishukia Kaplong. Alisimama kando ya lori, mkono kwenye mlango, akiangalia mahali ambapo alidhani niko.

"Kesho mwandikie Chebet. Mwambie watu walilia."

"Nimwandikie kwa jina lako?"

"Kwa jina lako. Mimi nitamwambia nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi kukaa naye. Kesho yake nilifungua ofisi mapema, nikakaa mbele ya mashine. Niliandika mstari, nikaufuta. Niliandika mwingine ulio sahihi kabisa, nikaufuta pia. Wateja walianza kujaa kwenye benchi, mmoja akauliza kama mashine imeharibika. Mwishowe nikamwandikia Chebet jinsi ilivyokuwa, nikiandika upesi kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona, na nikaituma bila kuisoma tena.